Wanawake wa Palestina Ugenini: Kairo 1938 na Nairobi 1985

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo habari za watu waliotawaliwa kwa nguvu haziishii katika taarifa za wakubwa. Hapana budi zisikiwe pia kwa vinywa vya wenyewe. Wanawake wa Palestina walilitambua jambo hili mapema.

Tarehe 26 Oktoba, 1929, nchi yao ikiwa chini ya udhamini wa Waingereza, wanawake zaidi ya 200 walikutana Yerusalemu, wakapeleka ujumbe kwa Kamishna Mkuu. Walakini kumshtakia mtawala matendo yake mwenyewe ni kazi yenye faida haba. Hivyo katika Oktoba, 1938, uasi wa Waarabu ulipopamba moto, wajumbe wao walikwenda Kairo katika mkutano wa wanawake wa Mashariki ulioitishwa na Huda Shaarawi. Kusema kulikuwa na gharama yake: mwaka wa 1939 Sadhij Nassar, mwandishi wa Haifa, alitiwa kizuizini bila ya hukumu.

Baada ya vita vya Juni, 1967, Israeli iliukalia Ukingo wa Magharibi, Gaza na Yerusalemu ya Mashariki, na safari ikawa jambo la kuombewa ruhusa. Mtu wa Ukingo wa Magharibi aliyetaka kwenda ng'ambo alivuka Mto Yordani mbele ya macho ya askari. Mkazi wa Yerusalemu ya Mashariki aliyekaa nje miaka 7 aliweza kunyimwa haki ya kukaa katika mji aliozaliwa. Wengine hawakufika hata mtoni: Samiha Khalil, aliyeanzisha chama cha In'ash al-Usra huko al-Bireh mwaka wa 1965, aliwahi kuamriwa asitoke mjini mwake.

Julai, 1985, ilikuwa zamu ya Nairobi kuwapokea wanawake wa dunia. Serikali zilijadiliana katika mkutano wa Umoja wa Mataifa. Wanawake wa vyama walikusanyika Chuo Kikuu, na huko, katika Hema la Amani, Wapalestina na Waisraeli walikabiliana kwa maneno. Mkutano wa serikali ulikaribia kuvunjika kwa ajili ya neno moja, Uzayuni, hata Kenya ikapatanisha nalo likaondolewa. Lakini kifungu cha 260, kinachotaja taabu za wanawake wa Palestina kambini na nje ya kambi, kilibaki, ijapokuwa Marekani na Israeli zilikipinga.

Atauliza mtu: kifungu hicho kilimwondoa askari yupi? Hakumwondoa hata mmoja. Illa aliyekuwa akisemewa sasa alijisemea, na wa upande wa pili akalazimika kumsikiliza. Mei, 1989, katikati ya intifada iliyoanza Desemba, 1987, wanawake wa pande mbili walikutana tena Brussels. Kisha Wapalestina wakarejea mtoni, wakasimama foleni, wakaonyesha vyeti vyao.