Miaka 19 isiyohesabiwa: Kanisa la Burundi lilianzia Rumonge

Mwaka 2023 Wakatoliki wa Burundi walifanya jubilei ya miaka 125 tangu Injili iingie nchini. Ukirudi nyuma miaka 125 unaangukia 1898, mwaka ambao Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifungua kituo cha Muyaga, mashariki ya nchi, upande wa mpaka wa Tanzania ya leo. Watoto wanafundishwa hivyo kwenye katekisimu na wakubwa wanaimba hivyo kwenye sherehe. Walakini tarehe 4 Mei hupita kila mwaka, na watu wengi wa Bujumbura hawana habari nayo. Siku hiyo, mwaka 1881, wamisionari watatu waliuawa Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Walikuwa wamekwisha kaa hapo karibu miaka miwili. Basi walikuwa wakifanya nini, kama Injili ilikuwa haijaingia?

Kwa sehemu kubwa nafuata hapa kitabu cha padre Jean Perraudin kuhusu chimbuko la Kanisa la Burundi, kilichochapishwa Usumbura (Bujumbura ya leo) mwaka 1963, pamoja na yale yaliyobaki katika shajara za vituo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliwaamuru watu wake waandike shajara kila siku, wawe wazima au wana homa. Amri hiyo ndiyo iliyotuwezesha kujua lolote. Ndiyo pia iliyofanya habari nzima itufikie kutoka upande mmoja.

Safari ilianzia Roma. Tarehe 24 Februari 1878, siku nne tu baada ya Leo XIII kuchaguliwa kuwa Papa, Lavigerie alikabidhiwa kazi ya kupeleka wamisionari kwenye maziwa makuu. Miezi miwili baadaye kundi la kwanza, watu kumi, lilipanda meli Marseille. Wakapita Zanzibar, wakaajiri wapagazi Bagamoyo, wakaingia bara mwezi Juni. Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifia njiani. Waliobaki walifika Ujiji Januari 1879 na kukuta wamekwisha tanguliwa: Waprotestanti wa London Missionary Society walikuwa wamepiga kambi tangu Agosti 1878. Miongoni mwao alikuwamo Edward Hore, baharia aliyelizunguka ziwa na kulichora ramani kuliko mzungu yeyote kabla yake.

Ujiji wakati ule ulikuwa mji wa pembe na watumwa. Wenye sauti walikuwa wafanyabiashara wa pwani, wakiongozwa na Mwinyi Kheri, ambaye mwaka 1881 Sultani wa Zanzibar alimtambua kuwa liwali wake. Mapadre walijiona wamebanwa katikati, huku Waprotestanti, huku Waislamu. Wakatafuta mahali pao peke yao. Mwishoni mwa Julai 1879 walivuta makasia hadi Rumonge, kaskazini kwa Ujiji, upande wa mashariki wa ziwa. Kituo cha kwanza cha Kikristo katika ardhi ya Burundi kilisimama hapo.

Msomaji wa Bujumbura anaijua Rumonge kwa mawese na samaki. Gari likitoka mjini kwa barabara namba 3 linafuata maji mkono wa kulia karibu njia nzima, na miaka ya karibuni ziwa lilipofura lilimega hata barabara yenyewe. Kabla hujafika mbali unapita Mugere, penye lile jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley, na chini yake tarehe 25-XI-1871. Watalii hushuka hapo, hupiga picha wakiwa wameegemea mwamba, kisha hugeuza gari kurudi hotelini. Wazungu wawili waliolala hapo siku mbili tatu wanakumbukwa na nchi nzima. Watatu waliofia Rumonge wanakumbukwa na wachache.

Kwa nini mapadre walichagua Imbo, lile bonde la joto ambalo Warundi wa milimani walilikwepa kwa homa zake? Jibu fupi ni kwamba hawakuwa na chaguo. Mwami Mwezi Gisabo alikaa juu, nyuma ya milima, na wageni hakuwataka. Simulizi za kale husema mfalme wa Burundi alikuwa na mwiko wa kulitazama ziwa. Ufukweni nguvu yake ilifika kwa mbali, na mambo ya kila siku yalikuwa mikononi mwa watawala wadogo. Wa Rumonge aliitwa Bikari.

Fedha za misheni kutoka Ulaya zilikuja na masharti yake. Sehemu kubwa ilitolewa kwa ajili ya kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa. Padre alilipa kitambaa au shanga, akamchukua mtoto, akamlisha, akamfundisha sala. Watoto hawa walitoka pande zote za ziwa, na lugha iliyowaunganisha wao kwa wao, na wao na mapadre, ilikuwa Kiswahili. Lavigerie aliwekeza mengi katika mpango huu, maana aliamini Afrika itageuzwa na Waafrika. Matunda yake yapo kweli. Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa katika nchi tunayoiita Mali leo, alikombolewa na shirika hilohilo, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956.

Kwa Bikari picha ilikuwa nyingine, na hapa ndipo vitabu vya misheni vinapomwonea. Vinamtaja kama mshenzi mwenye tamaa na kumaliza habari yake hapo. Hebu tukae upande wake kidogo. Wageni wamefika, wameomba kiwanja, wamepewa. Wamejenga. Mara wanaanza kukusanya watoto. Kila mtoto anayeingia kwenye boma lao anakuwa wao, anawatii wao, na yule aliyekuwa na haki juu yake jana leo hana. Katika siasa za ufukweni mtu wa kukusanya watu namna hiyo alikuwa na jina moja tu: mtawala. Na watawala wawili hawakai kijiji kimoja.

Ugomvi ulilipuka kwa ajili ya mtoto mmoja. Alikuwa chini ya ulinzi wa misheni, na Bikari akamdai. Mapadre wakakataa kumtoa. Kwao hilo halikuwa jambo la kujadiliwa, maana kumrudisha mtoto aliyekombolewa kungekuwa sawa na kumuuza upya, na kazi yote ingepoteza maana. Kwa Bikari nalo halikuwa la kujadiliwa: mgeni anayemnyima mwenyeji haki yake mbele ya watu wake amemvunjia heshima. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado sioni ni wapi mmoja wao angeweza kurudi nyuma bila kuharibikiwa. Labda mzee wa pwani angejua la kufanya, angekaa katikati, angepeleka zawadi, angenunua muda. Lakini mapadre walijitenga na watu wa pwani kwa makusudi, na siku hiyo hakuwapo mshenga.

Tarehe 4 Mei 1881 watu wa Bikari walishambulia. Padre Toussaint Deniaud, mkuu wa kituo, aliuawa. Padre Augier aliuawa. Aliuawa pia Félix D'Hoop, Mbelgiji ambaye hakuwa padre. Huyu aliwahi kuwa askari wa zuavu katika jeshi la Papa, akaja Afrika kuwalinda wamisionari. Askari huyo alianguka pamoja na watu aliokuja kuwalinda, katika ugomvi wa mtoto ambaye jina lake halitajwi katika masimulizi yanayorudiwa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tunajua meli iliyoanzia Marseille, tunajua siku na mwezi, tunawajua marehemu watatu na nchi zao, na yule aliyekuwa kiini cha yote amebaki "mtoto".

Kituo kilifungwa. Kazi ilihamia ng'ambo, upande wa Kongo, ambako Mulweba katika Masanze palikuwa pamekwisha funguliwa mwaka mmoja kabla, na baadaye Kibanga. Mwaka 1885 shirika lilipokea pia ngome za Karema na Mpala kutoka kwa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Upande wa Burundi walijaribu tena Uzige, eneo ilipojengwa Bujumbura, wakashindwa tena, safari hii kwa sababu ya nguvu za Rumaliza, tajiri wa Ujiji. Rumaliza mwenyewe naye alikwaa kisiki kwa Mwezi Gisabo. Ndipo mapadre walipogeuza njia na kuingia kutokea mashariki, kupitia Ushirombo, hadi Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899.

Yaliyofuata yanajulikana. Buhonga, juu kidogo ya Bujumbura, 1902. Kamusi ya Kirundi ya padre Van der Burgt, 1903. Mapadre wa kwanza Warundi, 1925. Machifu wakabatizwa, na watu wao wakawafuata kwa maelfu katika miaka ya 1930. Waprotestanti walianza na Wajerumani wa Neukirchen mwaka 1911, vita vikawafukuza 1916, Wabaptisti wa Denmark wakashika mahali pao 1928, kisha wakaja kwa mfululizo Makwekeri wa Kibimba, Wamethodisti Huru wa Muyebe, Waanglikana wa Matana na Buhiga, na Wapentekoste wa Sweden waliojenga Kiremba mwaka 1935. Mwaka 1959 Usumbura ilipata jimbo lake na Michel Ntuyahaga akawa askofu Mrundi wa kwanza.

Ila kuna jambo moja ambalo jubilei hazilisemi. Kanisa lililofaulu milimani lilifaulu kwa kuupa mgongo ufuko. Wajerumani walipofungua shule ya serikali na kufundisha kwa Kiswahili, mapadre hawakufurahi. Waliona Kiswahili kinaleta Uislamu, na walitaka Mrundi afundishwe kwa Kirundi. Walishinda hoja hiyo, na sitasema walikosea: lugha moja ya nchi nzima ni neema ambayo majirani wengi hawanayo. Lakini Kiswahili kilisukumwa kikabaki cha Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura, cha sokoni na bandarini, kana kwamba sala ya kwanza iliyofundishwa na misheni ufukweni haikupita katika lugha hiyohiyo.

Nenda Bwiza leo Jumapili asubuhi uone jinsi mambo yalivyogeuka. Kwenye barabara moja utasikia makanisa mawili matatu yakishindana kwa vipaza sauti. Jengo ni la mabati, viti ni vya plastiki, kinanda kimefunikwa kitambaa ili vumbi lisikiingie, na akina mama wa kwaya wamevaa kitenge cha sare. Mhubiri anasema Kirundi, mkalimani aliyesimama kando yake anamgeuzia Kiswahili kwa ajili ya waumini waliovuka kutoka Uvira na Fizi, na mara nyingi mkalimani ndiye mwenye moto zaidi. Ibada za namna hii zimeongezeka sana tangu vita vya miaka ya 1990. Serikali ilitunga sheria ya madhehebu mwishoni mwa 2014, ikitaka dhehebu lililozaliwa nchini liwe na waumini wasiopungua 300 na lile linalotoka nje wasiopungua 500, pamoja na jengo linalofaa. Kwa kipimo hicho kituo cha Deniaud kisingesajiliwa.

Kuhusu miongo ya karibuni sina nafasi ya kusema mengi: Rais Bagaza aliyefukuza wamisionari na kuzima jumuiya ndogondogo za Kikristo, Papa Yohane Paulo II aliyefika Septemba 1990, waseminari 40 waliouawa Buta Aprili 1997. Buta inatembelewa na kuombewa, na ni haki yake.

Najua jibu la wanaotetea 1898. Watasema Rumonge haikuacha kanisa, wala parokia, na huwezi kuhesabu umri wa kitu kilichokufa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Kanisa lenyewe lisingekuwa dini inayowaheshimu wafia dini kuliko wajenzi. Mapadre wanaohubiri kila mwaka kwamba damu ya wafia dini huzaa Wakristo hawawezi kugeuka na kusema damu ya Rumonge haikuzaa kitu.

Julai 2029 itatimia miaka 150 tangu kituo cha Rumonge kifunguliwe. Muda wa kujiandaa upo. Maaskofu wetu waitangaze mapema, wawaalike wenzao wa Kigoma, Uvira na Kalemie, maana ziwa lile lilikuwa misheni moja kabla mipaka haijachorwa. Misa isomwe ufukweni, na sehemu yake isomwe kwa Kiswahili. Na wakati wanahistoria wetu wangali na nguvu, mmoja atumwe Roma kwenye hifadhi ya Mapadre Weupe akazipitie shajara za 1879 hadi 1881, amtafute yule mtoto, na kama jina lake limeandikwa popote, lisomwe siku hiyo pamoja na yale matatu.