Samaki wa Mawe na Ushahidi Wao

Ukimtajia mtu wa Mang'ula jina la Mahenge, mara fikira zake huvuka Ifakara na mto Kilombero, zikapanda milima ya Ulanga. Lakini iko Mahenge nyingine, katika nchi ya Singida, nayo ndiyo tunayoieleza leo. Maana huko walichimbuliwa samaki waliogeuka kuwa mawe, ambao wataalamu huwaita visukuku.

Yapata miaka milioni 46 iliyopita, nguvu za moto wa chini ya ardhi zilipasua nchi hapo, zikaacha shimo kubwa, nalo likajaa maji likawa ziwa. Tope laini likatua chini, tabaka juu ya tabaka, likawafunika samaki waliokufa kabla mifupa yao haijatawanyika. Baadaye tope likawa jiwe. Ukilipasua kama mtu afunguavyo kitabu, huona samaki upande mmoja na chapa yake upande wa pili.

Mwaka 1960 Bwana P. H. Greenwood alieleza samaki mdogo wa huko, Palaeodenticeps tanganikae. Jamaa yake aliye hai hupatikana katika mito ya Afrika ya Magharibi tu. Mwaka 2000 Bibi Alison Murray akaeleza Mahengechromis, ambao ni wa ukoo wa perege, tena ni miongoni mwa wa kale kabisa wanaojulikana katika ukoo huo. Basi perege tumlaye kwa ugali ana nasaba ndefu kuliko mlima mwingi.

Je, walitambuliwaje? Kwa njia ile ile aitumiayo mvuvi wa Kilombero. Yeye hujua kwamba kambale ana sharubu wala hana magamba, na kwamba perege ana magamba na miiba migumu mgongoni. Mtaalamu naye huhesabu pingili za uti na miiba ya mapezi, akatazama taya, meno na magamba.

Lakini jiwe huvunjika, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuliunga kwa gundi si kosa, kama aliyeunga ameandika alichofanya. Kosa ni kuficha: kuziba pengo kwa plasta, kuchora pezi kwa rangi, au kuunga kichwa cha samaki huyu na mkia wa yule. Samaki wa namna hiyo ni shahidi aliyefundishwa la kusema.

Kwa hiyo yatupasa kumpeleleza. Tuchukue kioo cha kukuzia, tufuate uti toka kichwani hata mkiani: je, pingili zinapungua ukubwa taratibu, au zinaruka ghafula? Je, safu za magamba zinaendelea pande zote mbili za ufa? Mfupa wa kweli una chembe na nyufa zake, bali rangi ya brashi hutanda juu ya mfupa na jiwe pamoja. Kama vipande vyote viwili vya jiwe vipo, tuvilinganishe, kwani lililo huku sharti liwe na chapa yake kule. Tena kuna taa ya mwanga usioonekana kwa macho. Chini yake gundi na plasta mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa.

Wakubwa nao wamedanganyika. Mwaka 1912 ilitangazwa Uingereza kwamba fuvu la mtu wa kale sana limeonekana Piltdown. Hata mwaka 1953 ndipo ulipofichuliwa uwongo: fuvu lilikuwa la mtu, bali taya ni la orangutanu, meno yamepigwa tupa na mifupa kutiwa rangi. Miaka 41 historia ya wanadamu ilipotoshwa, na alama za tupa zilikuwapo siku zote.

Basi, msomaji, ukiona mfupa ndani ya jiwe, usiubandue wala usiuuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda. Andika mahali ulipo, kijiji na wilaya, ukawaarifu wenye mamlaka. Ukiandika "Mahenge", usisahau kueleza ni Mahenge ipi.