Kasi ya Madereva Vijijini Hukadiriwa Kabla Barabara Haijajengwa

Barabara ya Bagamoyo–Makofia–Msata, yenye urefu wa kilomita 64, inaunganisha mji wa Bagamoyo na barabara kuu ya Chalinze–Segera mkoani Pwani. Njiani ipo Kiwangwa, kata inayofahamika kwa kilimo cha mananasi. Lami iliyorahisisha usafirishaji wa mazao hayo ndiyo pia inayovukwa na wanafunzi, waendesha bodaboda na wauza mananasi.

Sheria imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa malori na mabasi nje ya makazi. Hata hivyo, dereva huongozwa zaidi na anachokiona mbele yake kuliko kibao: lami pana, njia iliyonyooka, mlima au kona. Kwa sababu hiyo mhandisi hutofautisha kasi ya usanifu, iliyotumika kuchora barabara, na kasi halisi ya watumiaji. Hiyo ya pili hupimwa kwa magari yasiyozuiwa na yaliyotangulia, na huchukuliwa ile ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi. Vipimo hivyo hufanyika bila askari mwenye tochi kuonekana, kwani dereva anayemwona hupunguza mwendo kwa muda tu kisha hurejea kwenye mazoea yake.

Takwimu za barabara zilizopo ndizo hutumika kukadiria kasi kwenye barabara ambayo bado ni mchoro. Tafiti za Marekani zilionesha kuwa kwenye kona yenye nusu kipenyo cha zaidi ya mita 800, madereva huenda karibu sawa na kwenye njia iliyonyooka, lakini chini ya mita 250 kasi hushuka ghafla. Kona ya mita 250, ikiwa imeinamishwa kwa asilimia 6, inafaa kwa kilomita 80 kwa saa. Kona hiyo si hatari yenyewe. Hatari ni dereva kuifikia akiwa na kilomita 110 baada ya mnyooko mrefu. Mhandisi wa Ujerumani, Ruediger Lamm, alipendekeza kipimo kinachotumika hadi leo: tofauti ya kasi kati ya vipande viwili vinavyofuatana ikizidi kilomita 20 kwa saa, usanifu ni dhaifu na urekebishwe.

Kijiji ni kigumu kukadiriwa kuliko kona. Huko barabara inaweza kunyooka kabisa, na kinachobadilika ni watu walio pembeni. Kwa viwango vya usanifu, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 65 kusimama tangu dereva aone hatari. Likienda 80, huhitaji mita 130. Mtoto anayetokea nyuma ya meza ya mananasi hatoi umbali huo.

Kwa hiyo kasi inapaswa kuanza kushushwa kabla ya nyumba ya kwanza, kwa matuta madogo ya tahadhari, alama na kubana njia, huku wauzaji wakitengewa maegesho nje ya lami. Kwa eneo kama Kiwangwa, vipimo vifanyike msimu wa mavuno na nje ya msimu, kwa kuwa pembezoni mwa barabara hapafanani katika nyakati hizo mbili.