Git Ilizaliwa kwa Ugomvi, Yangu Iliisha kwa Ugomvi

Wasee, leo nawapa historia, lakini naanza na aibu yangu.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla karo initoe mbio nirudi hapa Kakamega, tulikuwa na mradi wa programu. Watu wawili, laptopu moja ya kuazima, fleshi moja. Usiku wa kuamkia kuwasilisha, kazi ya wiki tatu ikapotea. Faili ziko, lakini ni zile za zamani. Nikamwambia mwenzangu ni yeye ameharibu. Akakataa. Nikamtukana mbele ya watu. Hatukuongea tena.

Miezi baadaye, nikiwa nyumbani, nikafungua ile fleshi na kuangalia saa ile folda ilibandikwa. Saa nne usiku. Saa nne usiku fleshi ilikuwa kwangu. Manze, ni mimi.

Sasa sikia. Mwaka 2005, waunda programu wakubwa duniani walikuwa na shida inayofanana na yangu, ila yao ilikuwa na maelfu ya faili. Linux, mfumo ambao kiini chake kinaendesha hadi simu yako ya Android, ulikuwa unaundwa na watu wa nchi nyingi. Tangu 2002 walikuwa wanatunza mabadiliko yao kwa BitKeeper, programu ya kampuni moja ya Marekani. Walipewa bure, lakini haikuwa yao. Mtu mmoja wa jamii ya programu huria, Andrew Tridgell, akaanza kuchunguza vile inavyowasiliana ili atengeneze chombo chake. Mwenye kampuni akakasirika, ule ubure ukaondolewa.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Kitu cha bure na kitu huria si kitu kimoja. Cha bure, mwenyewe akiamka vibaya anakipokonya. Sisi wa kutengeneza video tunajua hiyo: unajenga akaunti miaka miwili, inafungwa asubuhi moja.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hakukaa kulia. Alianza kuandika chombo kipya tarehe 3 Aprili 2005. Kufikia tarehe 7, chombo hicho kilikuwa kinatunza msimbo wake chenyewe. Siku nne! Akakiita Git, neno la matusi ya Kiingereza la mtu msumbufu, akatania kwamba miradi yake huipa jina lake mwenyewe. Julai mwaka huo akamkabidhi Junio Hamano usimamizi.

Kitu kimoja kilichofanya Git ipendwe ni hiki: zamani, kwa mifumo mingi, historia yote ilikaa kwa mashine moja kuu. Kwa Git, kila mtu anabeba historia nzima kwa kompyuta yake. Kwa msee wa Lurambi ambaye data imeisha, hiyo ni maana kubwa. Unafanya kazi yako bila intaneti, unahifadhi hatua zako, ukipata data unatuma.

Na sisi Wakenya tuko kwa hii hadithi ya programu huria. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, kina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walijenga Ushahidi kwa siku chache, ili wananchi waripoti ghasia na zionekane kwa ramani. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Fikiria kama hakuna aliyeandika. Baadaye, 2010, programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Msimbo wake ni wazi. Leo uko GitHub, unaweza kuusoma na kuona nani alibadilisha nini na lini.

Kumbuka lakini: GitHub ni tovuti, Git ni chombo. Unaweza kutumia Git maisha yako yote bila GitHub.

Kuanza ni rahisi. Weka Git kwa kompyuta, hata ile ya saiba kama wanakubali. Ijulishe jina na barua pepe yako kwa `git config`. Ingia kwa folda ya kazi, andika `git init`. Ukimaliza kipande, `git add .` inachagua mabadiliko, halafu `git commit -m "nimeongeza ukurasa wa kwanza"` inayahifadhi pamoja na ujumbe wako. Ukitaka kuona ulikotoka, `git log`. Ndio hivyo. Hakuna tena faili ya mradi_mwisho_kabisa_2. Lakini usipohifadhi, Git haina cha kukurudishia, kwa hivyo hifadhi mara kwa mara.

Kuna amri nyingine inaitwa `git blame`, yaani laumu. Inakuonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani. Niliicheka nilipoijua, halafu nikaacha kucheka. Usiku ule ingekuwepo, ingetaja jina langu.

Mwezi jana nilimtumia yule jamaa ujumbe. Nilimwambia fleshi ilikuwa kwangu, kosa lilikuwa langu, na nilimtukana bure. Alikaa siku mbili, akajibu: "Nilijua."