FED, Zorki au Kiev? Soma historia kabla ya kutoa pesa

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo. Watu wengi wamerudi kupiga picha kwa filamu, na swali linalonijia mara kwa mara ni hili: Leica ya zamani ni ghali mno, je, ninunue ipi kati ya zile kamera za Urusi?

Kwanza turekebishe swali lenyewe. Majina makubwa ni matatu, na mawili kati ya hayo si ya Urusi. FED ilitoka Kharkiv na Kiev ilitoka Kyiv, na miji yote miwili iko Ukraine. Zorki peke yake ndiyo ya Urusi, kutoka Krasnogorsk karibu na Moscow. Zote zilitengenezwa enzi za Muungano wa Kisovieti, na zote zilianza kama nakala za kazi ya Wajerumani. Lakini nakala na nakala si sawa. Kila moja ilinakiliwa kwa njia yake, na njia hiyo bado inaonekana ukiishika mkononi.

Mashine yenyewe

Kamera hizi zina kipima-umbali. Mbele kuna madirisha mawili, na ndani mna vioo vinavyoleta picha ya dirisha moja juu ya picha ya lingine. Unazungusha lenzi, picha mbili zinasogeleana, na zikikutana ujue umelenga umbali sawasawa. Ni hesabu ya pembetatu tu, ileile tuliyosoma shuleni. Madirisha yakiachana zaidi, kipimo kinakuwa sahihi zaidi.

Leica ilianza kuuzwa mwaka 1925, kazi ya Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz. Mwaka 1932 ikaja Leica II, ambayo kipima-umbali chake kimeunganishwa na lenzi moja kwa moja. Hii ndiyo iliyonakiliwa Kharkiv.

FED: kazi ya watoto wa mitaani

Baada ya mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa ya 1921 na 1922, Muungano wa Kisovieti ulijaa watoto wasio na wazazi wala makao. Mwaka 1927 polisi wa siri wa Ukraine walifungua makao ya watoto hao nje ya Kharkiv, yakaongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Yalipewa jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi hao wa siri, aliyefariki mwaka 1926. Chukua herufi za kwanza za majina yake matatu: F, E, D.

Watoto walisoma nusu ya siku na kufanya kazi kiwandani nusu nyingine. Walianza na vitu rahisi, wakaingia kwenye drili za umeme, na kufikia 1934 walikuwa wakiunda kamera kwa wingi. Waliifungua Leica, wakapima kila kipande, wakajenga upya. Sisi waandishi wa programu tunaijua kazi hiyo: unapewa kitu kilichokamilika bila maelezo, unatafuta mantiki yake kutoka nje kuingia ndani. Tofauti ni kwamba wao walipima chuma, na chuma hakina kitufe cha kurudi nyuma. FED za mwanzo zililinganishwa na lenzi zake moja moja, kwa hiyo lenzi ya FED moja ya kabla ya vita huenda isikae sawa kwenye nyingine.

Zorki na Kiev: watoto wa vita

Oktoba 1941 jeshi la Ujerumani liliteka Kharkiv, na kiwanda kikahamishiwa Berdsk huko Siberia. Baada ya vita, kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk kikaingia kusaidia. Kamera zake za kwanza, za mwaka 1948, ziliandikwa FED na Zorki kwa pamoja, kisha jina la Zorki likabaki peke yake.

Kiev ina hadithi nyingine kabisa. Haikupimwa na kukisiwa. Zana, michoro na vipuri vya Contax ya kampuni ya Zeiss Ikon vilichukuliwa Ujerumani kama fidia ya vita, vikapelekwa kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv. Kamera zilianza kutoka mwaka 1947, na za mwanzo zilitumia vipuri vya Kijerumani. Kwa lugha yetu, FED iliandikwa upya kwa kuiangalia ya mwenzake, Kiev ilihamishwa pamoja na kodi yake ya chanzo.

Sasa ununue ipi?

FED-2 (kuanzia 1955): madirisha yameachana kwa 67 mm na mgongo wote unatoka, kwa hiyo kuweka filamu ni rahisi. Kwa anayeanza, mimi ningechukua hii.

Zorki-4 (1956 hadi 1973): ilitengenezwa zaidi ya milioni moja, hivyo haikosekani. Madirisha yameachana kwa 38 mm tu, lakini ina kasi kutoka sekunde 1 hadi 1/1000, na nyingi huja na Jupiter-8, lenzi nzuri iliyotokana na Sonnar ya Zeiss.

Kiev-4: madirisha yameachana kwa takriban 90 mm, na pazia lake ni la vipande vya chuma. Lakini ndani ni tata, na fundi wa kuifungua ni adimu. Halafu angalia vidole vyako, huziba dirisha dogo kwa urahisi.

Kabla ya kulipa, toa lenzi, elekeza kamera kwenye taa na utazame kwa nyuma. FED na Zorki zina pazia la kitambaa chenye mpira, na likizeeka hutoboka. Ukiona vinukta vya mwanga, punguza bei au uondoke. Kwa Zorki-4 na Kiev, tarakimu mbili za kwanza za namba kwa kawaida ndizo mwaka wa kutengenezwa. Na daima vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi. Ukifanya kinyume unaweza kuharibu mitambo.

Jambo la mwisho. Ukiuziwa "Leica ya jeshi la Hitler" yenye tai na rangi ya dhahabu kwa bei ya kutupa, angalia ndani, pale lenzi inapogusa kipima-umbali. Leica halisi ina kigurudumu kidogo. Ukikuta kipande kilichochongoka kama kabari, hiyo ni FED au Zorki iliyofutwa jina. Biashara hiyo ilishamiri miaka ya 1990 baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika.

Mnunuzi anaibiwa pesa, ndiyo. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba FED ilikuwa kazi ya yatima wa Kharkiv, na mtu amelikwangua jina lake ili achonge nembo ya jeshi lililokuja kuuteka mji wao. Nunua ile iliyoandikwa FED. Jina hilo lina mzigo wake, lakini angalau halidanganyi kuhusu ilikotoka.