Mdhamini Kabla ya Cheti: Undugu na Ajira Lubumbashi

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alidai kwamba watu wa karibu hujua yaleyale tunayoyajua sisi. Habari za kazi mpya hutufikia zaidi kupitia wale tunaofahamiana nao kwa mbali. Hoja hiyo ni nzito, ila kwa Lubumbashi, mji wa migodi nchini Kongo, haitoshi. Hapa habari si adimu. Mgodi wa Likasi au Kolwezi ukianza kuajiri, vijana wa komuni za Kenya, Katuba na Ruashi hupata fununu mapema. Adimu ni mtu wa kumwambia mwajiri, "Huyu namjua." Naye hawezi kuwa wa mbali, maana anayemdhamini mwenzake huweka jina lake rehani. Mwanasosholojia Yanjie Bian alionyesha jambo la namna hii mwaka 1997, alipochunguza ajira mjini Tianjin, China.

Wapo wanaosema udhamini huu wa ndugu ni mabaki ya mila za kijijini. Nakataa. Kampuni ya madini ndiyo iliyoujenga. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza kwa kutegemea vibarua wa mikataba mifupi waliokusanywa na Bourse du Travail du Katanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza sera: mfanyakazi akae kambini na mkewe, watoto wasome shule za kampuni, watibiwe hospitali za kampuni, na wavulana waandaliwe kushika kazi za baba zao. Kampuni ilipotaifishwa 1967, mrithi wake, ambaye baadaye aliitwa Gécamines, aliuendeleza utaratibu huo. Ukoo na ajira viliunganishwa kwa uamuzi wa ofisini.

Kisha sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba ukaanguka. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, aliwaona wana wa Shaba, jina la zamani la Katanga, kama watoto walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye ulianza mpango wa kupunguza wafanyakazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na watu zaidi ya 10,000 wakaiaga Gécamines. Kambi zilibaki na watu waliozoea kuipata kazi kupitia damu, bila kampuni ya kuitoa.

Sheria ya madini ya 2002 ilileta wawekezaji wapya, na wengi wao huajiri kupitia wakandarasi. Hapo ndipo udhamini unapouma. Kijana aliyeingizwa na mjomba wake hawezi kulalamikia mshahara uliochelewa wala viatu vya usalama ambavyo hakupewa, kwa kuwa malalamiko yake yatamwaibisha mjomba. Mwajiri amepata msimamizi asiyemlipa. Tunapouhukumu undugu peke yake, tunamsahau anayefaidika nao kuliko wote.

Gharama nyingine ni ya kisiasa. Kazi zikipita njia ya ukoo, kila nafasi huhesabiwa kwa makabila. Wakasai waliofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993, vizazi kadhaa baada ya mababu zao kuletwa migodini, walishutumiwa kwanza kwa kuzishika ajira za wenyeji.

Ofisi ya Taifa ya Ajira, ONEM, ipo tangu 2002, na huandikisha wanaotafuta kazi. Lakini kuandikisha jina si kulidhamini. Ofisi hiyo ipewe uwezo wa kumpima fundi wa kuchomelea au dereva wa mitambo kwa vitendo, na iwajibike kwa mwajiri iwapo imempima vibaya. Fundi asiye na mjomba mgodini atakuwa na wa kumsemea.