Kilimbikio, Si Kigandamizi

"Mwalimu, hiki kinagandamiza nini?"

Niliulizwa hivyo mjini Salamabila na fundi kijana aliyejikunja ndani ya buti la gari la matangazo. Kila besi ikidunda, taa za mbele zilififia kama macho ya mtu anayesinzia mahubirini. Mkononi alishika kopo la faradi 1 la kutunzia umeme, ambalo mafundi wetu huliita kondasatere. Mimi, kwa utiifu, nilikuwa nimemtajia jina nililolikuta katika orodha ya istilahi: "kigandamizi". Sikuwa na jibu, na nina hakika waliolitunga hawanalo.

Kosa lenyewe ni la zamani. Mwaka 1782 Alessandro Volta alikiita chombo chake, kwa Kitaliano, condensatore, kana kwamba umeme umesongwa humo ukabanana. Kifaransa kikalidaka na hakijaliachia hadi leo. Kiingereza kimekwisha kulitupa, kikapata jingine. Kamati yetu ya istilahi ikafungua kamusi ya Kifaransa, ikatafsiri jina, chombo ikakiacha mezani. Gandamiza! Kitenzi cha mitambo ya barabara na cha watawala wabaya.

Ilhali tunacho kitenzi limbika. Kiangazi, mto ukikauka, mama huchimba shimo mchangani, akangoja maji yajikusanye, ndipo achote kwa kata. Huko ndiko kulimbika maji. Limbika huzaa limbikia, na limbikia huzaa kilimbikio, kama vile chuja ilivyozaa chujia, na chujia ikatupa kichujio. Mpinzani wangu mmoja, nisiyemtaja kwa kuheshimu mvi zake, anashikilia "kilimbikizi". La, mzee wangu. Kulimbikiza ni kurundika tu. Muulize mwalimu yeyote anayedai malimbikizo ya mshahara kama amewahi kuyachota. Anayelimbika ana kata mkononi.

Tena neno kilimbikio halimdanganyi fundi. Shimo halizai maji. Faradi 1 ikishuka kutoka volti 14 hadi 12 hutoa jouli 26; ampli inayokula wati 1,000 huzimaliza kabla ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Zinatosha kishindo kimoja, wimbo haufiki mbali. Chemchemi ni alternatere, inayozalisha umeme wa gari, na wati 1,000 hizo huidai ampea zaidi ya 70 kabla taa hazijapata chochote, injini nayo ikinguruma polepole pale gari liliposimama.

Nilipomsimulia kijana yule habari ya shimo na kata, alinyamaza, akaufungua mlango wa injini, akaitazama alternatere yake kuukuu. "Kumbe shimo halina kosa, Mwalimu. Chemchemi ndiyo ndogo." Kigandamizi kingemfikisha hapo lini?

Kuhusu matumizi: kilimbikio kikae karibu na ampli, kijazwe kwanza polepole kupitia rezista, nyaya ziwe nene, fiyuzi iwe jirani na betri. Basi.

Pendekezo hili nimelituma mara mbili kunakohusika. Sikujibiwa, orodha ikatoka upya, jalada jipya, kigandamizi kilekile. Kamati ikikutana tena, naomba kwa unyenyekevu ialike fundi mmoja. Soda yake nitalipa mimi.